Rambirambi Zilizogeuka Mauzo

"Daftari lile nililichoma."

Hapo ndipo tulipomwacha Asifiwe wiki iliyopita, msomaji, na hapo ndipo alipokuwa bado amesimama Alhamisi hii saa moja na nusu asubuhi, tope limemfika vifundoni, mbele ya nyumba ya shemeji yake Ambwene, aliyesema maneno hayo, kule Ipyana.

Aliyekosa gazeti lililopita asihangaike. Mambo yenyewe ni haya.

Asifiwe, ambaye Mbugani, mjini Kyela, wote wanamwita Mama Nancy, ni mjane mwenye duka la mchele, unga na mafuta ya kula. Mumewe Asajile alipofariki Agosti mwaka jana, kamati ya msiba iliwatangazia ndugu wa Dar, Mbeya na Tunduma watume rambirambi kwenye lipa namba ya duka, ile wateja wanayolipia kwa simu. Namba ile ina jina la biashara, na watu huiamini kuliko namba ya mtu. Basi ikawa mazoea. Kanisa likaitumia kwa mchango wa paa. Mtoto wa dada yake akaitumia kwa harusi. Mwaka ulipofungwa, ofisi ya kodi ikakuta milioni arobaini na sita zimepita dukani kwa mwanamke anayesema mauzo yake hayafiki milioni kumi na moja.

Wakamkadiria kodi ya milioni tatu na ushee. Siku thelathini za kuweka pingamizi zilikuwa zinaisha leo, saa tisa na nusu alasiri. Theluthi ya kodi ameshailipa kwa kuuza friji na cherehani, maana bila hiyo pingamizi lisingepokelewa. Barua ya kanisa anayo. Orodha ya michango ya harusi anayo. Zimebaki milioni kumi na nane za msiba, na shahidi wake ni daftari moja kubwa lenye jalada jekundu. Alilishika katibu wa kamati. Katibu ni Ambwene.

Bila daftari hilo duka linapigwa kufuli, na Nancy, binti yake wa pekee aliye mwaka wa mwisho chuoni Mbeya, atamaliziaje masomo?

"Ulilichoma lini?" Asifiwe aliuliza.

"Baada ya arobaini." Ambwene alikuwa anageuza kakao kwenye mkeka, hakuinua uso. "Mambo ya msiba hayakai ndani ya nyumba, shemeji. Yanaleta msiba mwingine."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Wazee."

"Wazee gani? Maana wa kwetu wote nawajua, na nusu yao wananidai unga."

Ambwene akacheka kidogo, kisha akarudi kwenye kakao yake. Asifiwe alikaa chini pale pale, kwenye gogo la mgomba, kanga yake ikagusa maji. Akaomba kimoyomoyo, bila maneno mengi: Bwana, leo tu.

Ambwene akamwonea huruma. Akasogea.

"Sikiliza, Mama Nancy. Usilie. Tuandike jingine."

"Jingine lipi?"

"Daftari jipya. Majina nayakumbuka mengi. Tukae hapa, wewe unataja, mimi naandika, saa sita tumemaliza. Tunalipaka majivu kidogo lionekane la zamani. Nani atajua?"

Kwa mtu anayezama, hata ukuti unaooza hushikwa. Asifiwe aliufikiria ule ushauri. Aliufikiria kwa muda ambao baadaye aliuonea aibu.

"Hapana," alisema. "Nimefunga siku tatu namwomba Mungu aniokoe. Siwezi kumwambia, asante, sasa nishikie kalamu nidanganye."

"Basi mimi sina la zaidi."

Asifiwe aliinuka aende. Alipiga hatua nne. Ya tano hakuipiga.

"Shemeji," alisema, akigeuka polepole. "Mwezi uliopita tulikwenda Mwaya, msibani kwa Andongwisye. Kwa niaba ya ukoo wetu ulitoa shilingi elfu ishirini na tano na debe moja la mchele."

"Ndiyo. Kuna ubaya?"

"Kwa nini haikuwa elfu thelathini?"

Ambwene akaacha kugeuza kakao.

"Kwa nini haikuwa madebe mawili?" Asifiwe alirudi hatua kwa hatua. "Nakuambia kwa nini. Kwa sababu Andongwisye alipokuja kumlilia Asajile, alileta elfu ishirini na tano na debe moja. Hicho ndicho tulichomrudishia. Miezi saba imepita, watu mia mbili na zaidi walitoa, wewe ukakumbuka debe la mtu mmoja kichwani?"

Ambwene akautazama mlango wa nyumba yake.

"Hakuna nyumba huku kwetu inayochoma daftari la msiba, Ambwene. Ukilichoma, utajuaje ni nani alikuja kukufuta machozi? Utakwendaje kwa wenzako wakifiwa? Ulilifungua mwezi uliopita. Liko ndani."

Ambwene alikalia ndoo iliyofudikizwa. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, mzee wa kanisa, akafunika uso kwa mikono iliyonuka kakao.

"Ukilipeleka serikalini nimekwisha," alisema.

"Kwa lipi?"

"Tuliandika ng'ombe watatu."

Asifiwe alikumbuka msiba ule. Ng'ombe wawili walichinjwa, mmoja siku ya kuzika, mmoja siku ya pili. Alikuwa amejifunika kanga, hakuhesabu nyama.

"Wa tatu yuko wapi?"

Ambwene aliinua tu macho juu. Asifiwe naye akatazama. Nyumba ilikuwa na bati jipya, jekundu, linalong'aa kwa mvua ya asubuhi.

"Basi amenenepa," Asifiwe alisema.

"Mvua ilikuwa inaingia, shemeji. Watoto walikuwa wanalala chini ya meza. Nikasema nitarudisha nikiuza kakao, kakao ikashuka bei, nikaona aibu, nikakaa kimya. Asajile angekuwa hai ningemwambia. Wewe nilishindwa."

Hasira ilimpanda Asifiwe mpaka kooni. Mumewe, mtu aliyetembea kwa miguu kumpeleka Ambwene huyu huyu hospitali, analiwa ng'ombe akiwa jenezani. Lakini saa ya simu yake ilisema saa mbili na dakika kumi.

"Mimi sijaja kutafuta ng'ombe," alisema. "Nimekuja kutafuta daftari. Ya ng'ombe utazungumza na Mungu, na mimi baadaye, ila Mungu kwanza. Lete."

Ambwene akaingia ndani.

*

Saa tatu kasorobo Asifiwe alishuka kwenye bodaboda mbele ya duka la vitenge la Bi Fatu, Mbugani, daftari likiwa ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya blauzi.

Bi Fatu ni mjane kama yeye. Babu yake alikuja na biashara kutoka pwani akazikwa Kyela, na mjukuu anasema hana pwani nyingine zaidi ya hii ya ziwa. Kwa miaka ishirini hajawahi kupigwa kufuli.

"Umelipata?"

"Nimelipata."

"Alhamdulillahi. Mbona umevimba uso?"

"Nimempata na ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Nitakuambia siku nyingine. Miwani iko wapi?"

Walikaa nyuma ya majora ya vitenge. Mmoja alishika taarifa ya miamala ya lipa namba, karatasi kumi na sita zilizochapwa. Mwingine alishika daftari. Kazi ilikuwa moja: kila fedha iliyoingia kwenye simu siku zile za msiba iwe na jina lake kwenye daftari.

"Tarehe kumi Agosti, elfu hamsini," alisoma Bi Fatu.

"Baba Tumaini wa Tunduma. Ipo."

"Laki moja."

"Wafanyakazi wenzake wa zamani. Ipo."

"Elfu tatu. Maskini, nani huyu alitoa elfu tatu?"

"Mama Angetile, yule muuza ndizi."

"Mungu ambariki. Huyo ndiye aliyetoa kuliko wote. Endelea."

Kati ya jina na jina Bi Fatu alisema yale ambayo Asifiwe angetamani kuyasikia mwaka mmoja kabla.

"Unaona simu zangu hizi mbili? Hii ya kitochi ni ya duka. Haijawahi kwenda harusini, haijawahi kwenda msibani. Mwanangu alipoolewa, shangazi zake walinitukana, eti najidai. Nikawaambia tumeni kwenye ile nyingine. Jioni nafunga duka, naandika nimeuza nini, nimenunua nini, hata kama ni jora moja. Nikitoa hela ya mboga naandika nimetoa hela ya mboga. Mwanzo wa mwaka nakwenda mwenyewe ofisini na daftari langu, sisubiri wanifuate."

"Mimi nilidhani anayekwenda mwenyewe anajichongea."

"Wote tunadhani hivyo. Ukiwa na daftari mnazungumza. Ukiwa mikono mitupu wanakukadiria, na makadirio ya mtu asiyekujua hayana huruma. Na mwaka biashara ikiyumba, nenda mapema uombe kulipa kidogo kidogo. Hela zikishaliwa ukiwa umejificha ndani, utaomba nini?"

Asifiwe aliinamia daftari machozi yasionekane. Miaka kumi na moja alifungua duka kila asubuhi kwa sala, akalifunga kila jioni kwa sala, na hakuwahi kukaa dakika kumi kuandika alichouza. Alidhani uaminifu unatosha. Hakujua kuwa uaminifu nao unahitaji kuandikwa.

Saa nane na nusu walifika jina la mwisho. Milioni kumi na nane na laki mbili. Simu na daftari vilikubaliana mpaka shilingi ya mwisho.

"Kimbia," alisema Bi Fatu. "Mimi nafunga duka nakufuata."

*

Afisa aliyempokea aliitwa Marta. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mpole, mwenye sauti ndogo. Asifiwe alikuwa amemwogopa mwezi mzima. Leo aliona tu mtu mwenye mafua na chupa ya chai.

Marta alisoma barua ya kanisa. Akasoma orodha ya harusi. Akafungua daftari jekundu, akalipitia taratibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Pole sana kwa msiba, mama."

"Nimeshapoa."

"Sisi tunaona tarakimu. Machozi hatuyaoni. Fedha ikiingia kwenye namba ya biashara, kwetu ni mauzo mpaka mtu atuonyeshe vinginevyo." Akafunga daftari. "Hili ni zuri. Lakini halina sahihi."

Asifiwe akalivuta daftari kwake.

"Sahihi ya nani?"

"Ya aliyeliandika. Mtu yeyote anaweza kuniletea daftari. Katibu aje mwenyewe, athibitishe kwa maandishi kwamba ni lake na fedha zilikuwa za msiba. Yuko wapi?"

"Ipyana."

Wote wawili walitazama saa ya ukutani. Saa tisa na dakika nane.

"Simu yake?"

Asifiwe alipiga. Haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana. Alijua kwa nini. Mtu mwenye ng'ombe juu ya paa hawezi kuja kwa miguu yake kusaini karatasi ya serikali.

"Naweza kungoja mpaka saa tisa na nusu," alisema Marta. "Zaidi ya hapo si mimi, ni sheria."

Asifiwe alikaa kwenye benchi la korido. Dakika kumi na mbili zilizofuata, msomaji, zilikuwa ndefu kuliko mwezi wote. Alimwona Nancy akishuka kwenye basi na begi lake. Aliliona duka na karatasi ya kufuli mlangoni, majirani wakisoma kwa sauti. Alijaribu kuomba akakuta maneno yameisha. Akabaki anataja jina tu: Bwana, Bwana, Bwana.

Saa tisa na dakika ishirini na moja mlango wa nje ukafunguka. Aliingia Bi Fatu, amelowa mtandio. Nyuma yake aliingia mtu mwenye matope mpaka mapajani.

"Ugonile, shemeji," alisema Ambwene kwa sauti ya chini.

Asifiwe aliruka kutoka kwenye benchi, akasahau kuitikia salamu.

"Nilipofunga duka nikakumbuka watamtaka aliyeliandika, nikamfuata mwenyewe na bodaboda," alisema Bi Fatu, akihema. "Alikuwa amejifungia. Nikamwambia dirishani, bwana, mimi habari za ng'ombe nimezipata leo asubuhi nusu nusu, na kama hutoki nitakaa hapa mpaka nizipate zote, na majirani zako nao wazipate. Akatoka."

"Ningetoka tu," alisema Ambwene.

"Ungetoka Pasaka."

Ambwene aliingia kwa afisa. Akaandika: mimi ndiye katibu, daftari ni langu, fedha zote zilizoorodheshwa ni rambirambi za marehemu kaka yangu. Kisha, bila kuulizwa na mtu, akaongeza mstari mmoja: katika matumizi, ng'ombe wa tatu hakununuliwa, nitarudisha.

Marta alisoma mstari ule mara mbili. "Huu hautuhusu sisi, baba."

"Unanihusu mimi," alisema Ambwene.

Saa tisa na dakika ishirini na nane mhuri uligonga karatasi. Pingamizi limepokelewa.

"Ndaga fijo," Asifiwe alimwambia shemeji yake, na asante ile ilikuwa ya kweli, ingawa ng'ombe alikuwa bado hajasamehewa. Ambwene na Bi Fatu wakatoka kumngojea nje. Asifiwe alikusanya karatasi zake. Kwa mara ya kwanza ndani ya mwezi alihisi njaa.

"Mama, kaa kidogo," alisema Marta.

Akakaa.

"Nilipokuwa nafungua jalada lako nimekutana na la mumeo. Yeye pia alikuwa na TIN yake, namba ya mlipakodi."

"Ndiyo. Alikuwa akinunua kakao kabla hajaugua."

"Mlileta taarifa ya kifo hapa, TIN ifungwe?"

"Hapana. Hatukujua."

"Wengi hawajui. Mtu anazikwa, TIN yake inabaki hai." Marta alipenga makamasi, akakunja kitambaa. Sauti yake ndogo ikawa ndogo zaidi. "Tatizo ni kwamba ya mumeo inafanya kazi. Tangu Januari imeingiza mizigo minne kupitia mpakani Kasumulu. Soya na karanga. Thamani iliyoandikwa si ya kweli. Kodi iliyokwepwa, hesabu ya kwanza, ni milioni tisa."

Asifiwe hakuelewa. Kisha akaelewa, akatamani asingeelewa.

"Asajile yuko kaburini tangu tarehe tisa Agosti."

"Najua, mama. Nimetoka kusoma daftari lake la msiba. Ndiyo maana nakuuliza wewe kabla jalada halijapanda Mbeya. Anayetumia TIN ya marehemu kwa kujua anashtakiwa. Jina kwenye fomu ni la mumeo. Sahihi haisomeki. Ila kuna namba ya simu ya mhusika."

Aligeuza karatasi, akaisukuma mbele yake.

Asifiwe alisoma tarakimu tatu za mwisho, na hakuhitaji kusoma zilizobaki. Namba ile aliipiga kila jioni baada ya sala. Aliijua kuliko alivyoijua namba ya duka.

Januari Nancy alimpigia simu akamwambia, mama, usitume ada tena, nimepata mfadhili. Jumapili iliyofuata Asifiwe alisimama mbele ya kanisa zima akatoa ushuhuda, akaimba, wanawake wakampigia vigelegele.

"Namba hii unaifahamu?" aliuliza Marta.

Nje Bi Fatu alikuwa anacheka na Ambwene. Saa ya ukutani iligota tisa na nusu. Mtu alianza kufunga madirisha ya korido, moja baada ya jingine.

"Mama Nancy?"

"Naifahamu," alisema Asifiwe. Mwanamke aliyekataa asubuhi kuandika daftari la uongo alifumba macho, akayafumbua. "Ni yangu."

Marta alimtazama, si kwa hasira, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kurudi nyuma.

Asifiwe hakurudi.

Ndipo afisa alipochukua simu yake mezani na kuanza kubonyeza namba ile, tarakimu moja baada ya nyingine, bila haraka, huku akiutazama mkoba wenye simu, uliokuwa kimya mapajani mwa Asifiwe.